Baridi ya Alfajiri na Mikono ya Mwenye Bodaboda

(Haya ni maneno ya hotuba iliyotolewa na idara yetu ya maendeleo ya jamii kwa waendeshaji wa bodaboda na wachukuzi wa maziwa wa Kinangop Kusini, katika ukumbi wa parokia, mwanzoni mwa msimu wa baridi. Tumeyachapa karibu vile yalivyosemwa, kwa ajili ya wale ambao hawakufika.)

Tunajua kila saa mnayokaa hapa ni abiria anayebebwa na mtu mwingine, kwa hivyo hatutazunguka sana.

Tumewaita tuzungumze juu ya baridi. Wengine mlipoona ile barua mlicheka, tumesikia. Mlisema, "Hawa wa ofisi wamekosa kazi, sasa wanataka kutufundisha kuvaa sweta." Ni sawa, chekeni. Lakini hebu tuwaulize jambo moja. Ni nani hapa hajawahi kufika stegi asubuhi akashindwa kufungua zipu ya mfuko ili atoe chenji? Ni nani hajawahi kumwambia abiria, "Mama, jitolee mwenyewe kwa mfuko wangu, vidole havifanyi kazi"? Tunaona mnatazamana. Sasa, vidole vilivyoshindwa na zipu ndivyo vilivyokuwa vikishika breki dakika moja tu iliyopita.

Hapo ndipo shida yetu iko. Baridi kwa mwenye pikipiki si jambo la kuvumilia kama mwanamume na kumaliza. Kuna kijana mmoja wa maziwa tuliyemtembelea akiwa amelazwa, mguu umevunjika mahali pawili. Alituambia hivi: ng'ombe alitoka kwenye ua, yeye alimwona mapema, na mkono ulijua unatakiwa kushika breki, lakini vidole havikusikia. Hakuwa amelewa. Hakuwa anakimbia sana. Alikuwa ameondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri bila glovu, na mitungi miwili ya maziwa nyuma.

Fanyeni hesabu pamoja nasi. Pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa saa inapita karibu mita 17 kila sekunde. Vidole vikichelewa nusu sekunde tu, umekwenda mita 8 zaidi kabla breki haijaanza hata kushika. Mita 8 ni kama kutoka meza hii hadi mlango ule. Ng'ombe, mtoto wa shule, lori lililosimama bila taa kwenye ukungu, vyote vinatosha ndani ya mita 8.

Sasa, baridi hii inatoka wapi? Sehemu yake inatoka kwa Mungu, kwa sababu tunaishi juu. Kinangop iko karibu mita 2,500 juu ya bahari, na Naivasha pale chini ni karibu mita 1,900. Kwa kawaida hewa hupoa kama nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kwa hivyo mtu anayeteremka Naivasha mchana, akavua jaketi kwa sababu ya jua, akarudi huku jioni na shati, amepanda akaingia kwenye hewa iliyopoa karibu nyuzi 4 kwa mlima peke yake, bila kuhesabu jua lililotua. Wengi wenu mnafanya safari hiyo. Jaketi lisiachwe nyumbani eti kwa sababu Naivasha kuna joto.

Baridi yetu pia si ya namna moja. Ile ya Juni, Julai na Agosti ni ya mawingu na manyunyu, inakaa siku nzima. Ile ya Januari ni ya anga safi: mchana kuna jua zuri, lakini alfajiri kuna sakitu, ile barafu nyembamba inayochoma majani ya viazi. Watu hujihadhari na Julai, Januari ikawapata wakiwa na shati la mikono mifupi.

Lakini sehemu kubwa ya baridi ya pikipiki haitoki kwa mlima. Inatengenezwa na pikipiki yenyewe. Mwili wako unapasha moto hewa kidogo iliyo karibu na ngozi, na hiyo hewa ndiyo blanketi lako la kwanza. Ukikaa kimya, inakaa nawe. Ukienda kilomita 60 kwa saa, inapeperushwa kila wakati, na mwili unaanza upya kupasha nyingine. Hata siku ambayo hakuna jani linalotikisika, wewe una upepo wako mwenyewe.

Wataalamu wa hali ya hewa wa Kanada na Marekani wana jedwali la mambo haya ambalo limetumika tangu mwaka wa 2001. Kwa hesabu yake, hewa ikiwa ya nyuzi 10 na upepo ni wa kilomita 60 kwa saa, ngozi iliyo wazi inapoteza joto kama vile hewa ingekuwa ya nyuzi 5. Hewa ikiwa ya nyuzi 5, inakuwa kama nyuzi 2 chini ya sifuri. Mkono hautaganda kuwa barafu, maana hewa yenyewe bado iko juu ya sifuri, lakini joto linatoka kwa kasi hiyo. Na mtu anayebeba maziwa hupigwa na upepo huo nusu saa nzima bila kupumzika.

Kwa hivyo adui wa kwanza ni upepo. Tunalirudia hili kwa sababu tunaona watu wakitumia pesa nyingi kwa vitu visivyozuia upepo. Kijana anavaa sweta tatu, moja juu ya nyingine, na bado anatetemeka. Sweta ni kitu kizuri sana, lakini ina matundu. Ukiishika mbele ya mdomo na kupuliza, pumzi inapita upande wa pili. Upepo nao unapita vivyo hivyo. Sweta ivaliwe ndani, kisha juu yake kitu kisichopitisha upepo, hata kiwe chembamba: koti la mvua, jaketi la nailoni, ngozi, turubai lililoshonwa. Sweta moja chini ya koti la mvua inashinda sweta tatu bila koti.

Tumeona wengine wenu mnavaa jaketi kinyume, zipu ikiwa mgongoni. Watu wa mjini huwacheka. Msijali. Zipu na vifungo ndipo mahali upepo unapoingilia, na mkiigeuza jaketi mnauziba mlango. Tunaomba tu helmeti iendelee kufungwa vizuri, kola isiinuke ikaisukuma kutoka nyuma.

Na yule asiye na jaketi kabisa? Kuna gazeti. Tena la jana, halihitaji kuwa la leo. Lifungue, likunje mara mbili au tatu, liweke kifuani kati ya shati na sweta. Karatasi haipitishi upepo kwa urahisi, na kati ya kurasa kuna hewa iliyotulia. Msidhani tunawapa dawa ya maskini. Wale wanaoshindana kwa baiskeli katika mashindano makubwa ya Ufaransa, Tour de France, kwa miaka mingi walikuwa wakifika kilele cha mlima, wanachukua gazeti mkononi mwa mtazamaji aliyesimama kando ya barabara, wanalisukuma ndani ya fulana, kisha wanateremka kwa kasi. Wale walikuwa matajiri wa mchezo wao. Gazeti likilowa, litupe, weka lingine.

Mtauliza, kwa nini tunaanza na kifua na tulikuwa tunaongea juu ya vidole? Ni kwa sababu ya damu. Joto la vidole linaletwa na damu. Mwili ukiona kifua kinapoa, unapunguza damu inayokwenda mikononi na miguuni ili moyo na ubongo vibaki na joto. Ni kama nyumba ambayo kuni zimepungua: mnafunga vyumba vya pembeni, wote mnakaa jikoni. Basi unaweza kununua glovu za bei ghali, na kama kifua na shingo viko wazi, mikono itakufa ganzi ndani ya glovu hizo. Funga kifua, funga shingo, ndipo uende kwa mikono. Shingoni, leso au kitambaa cha sufu kinatosha, ila ncha ziingizwe ndani ya koti. Ncha inayopepea nyuma ni kamba inayotafuta gurudumu.

Kichwani wengi mna boshori, na ni nzuri, lakini iwe nyembamba. Boshori nene inainua helmeti, ukanda haufungiki, na helmeti isiyofungwa ikianguka mapema kuliko kichwa haina faida. Wengine mnasema kioo cha helmeti kinajaa ukungu wa pumzi, kwa hivyo mnakiinua na upepo wote unaingia usoni. Pakeni sabuni kavu kidogo sana kwa ndani, kisha mfute kwa kitambaa laini mpaka pang'ae. Pumzi haishiki sana. Rudieni kila asubuhi.

Sasa mikono. Glovu yoyote ni bora kuliko hakuna, lakini zile za kufuma peke yake ni kama sweta, upepo unapita. Vaa ya kufuma ndani na ya nailoni au ya ngozi nje, mradi zisibane. Hapa kuna kosa ambalo tunaliona miguuni pia: mtu anavaa soksi tatu ndani ya kiatu kilichomtosha kwa soksi moja. Mguu unabanwa, damu haipiti, na unapoa kuliko aliyevaa soksi moja. Gamubuti kubwa kidogo, soksi ya sufu moja nene, vidole vipate nafasi ya kucheza. Usipoweza kukunja vidole ndani ya kiatu, umevaa baridi.

Kitu kizuri zaidi kwa mikono tumeona kwa wenzenu wachache: mifuko inayofungwa kwenye usukani wenyewe, mkono ukaingia ndani. Fundi wa viti anaweza kuishona kwa turubai nje na kipande cha blanketi kuukuu ndani. Hata glovu nyembamba ndani yake inatosha. Lakini sikilizeni vizuri. Mdomo wa mfuko uwe mpana, mkono uweze kutoka mara moja bila kutafuta njia. Na mfuko usiguse mkono wa breki wala wa klachi. Upepo ukiusukuma mfuko laini, unaweza kukandamiza breki polepole bila wewe kujua, breki ikapata moto. Fundi aweke waya mgumu au kipande cha plastiki kuushikilia mbali. Ukiufunga, kwanza zungusha usukani kushoto na kulia pikipiki ikiwa imesimama, shika breki, iachie, uone kama inarudi yenyewe.

Asiye na pesa ya fundi achukue mtungi wa plastiki wa mafuta ya kupikia, ule wa lita 5, aupasue katikati, afunge nusu moja mbele ya kila mkono. Unakaa kama ngao. Hauna sura nzuri, lakini upepo haufiki kwenye vidole.

Magoti nayo yanakaa mbele kabisa. Watu wengi husema baridi ya pikipiki inaleta ugonjwa wa viungo. Ukweli ni kwamba baridi yenyewe haileti huo ugonjwa, lakini inakaza viungo, na aliye na maumivu tayari huumia zaidi. Kipande cha blanketi ndani na nailoni nje, kilichofungwa kwa mpira wa tyubu, kinatosha kwa goti.

Halafu kuna maji. Maji yanachukua joto la mwili kama mara 25 kuliko hewa iliyotulia. Ndiyo sababu mtu aliyenyeshewa saa kumi na mbili jioni anaweza kupatwa na hatari hata kama kipimo kinasema nyuzi 12. Suruali ya jinzi ikilowa haikauki leo wala kesho, inakaa kwenye paja kama kitambaa cha mgonjwa wa homa. Sufu ni tofauti kidogo: hata ikilowa inabakisha joto kiasi. Mkienda kwa mitumba, chagueni sweta ya sufu hata kama ina tundu la kiwiko, muache ile ya pamba inayong'aa. Zamani watu walikuwa wakifunga karatasi za nailoni juu ya soksi ndani ya kiatu, na ilikuwa njia nzuri. Mifuko ile ya kubebea vitu ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na hatuwaambii mvunje sheria. Lakini nailoni ya ndani ya gunia la mbolea, ikioshwa vizuri kabisa kwa sabuni, inafanya kazi ile ile. Na soksi kavu moja iwe chini ya kiti siku zote.

Tunakuja kwa mambo mawili ambayo tumeombwa na wazee wa stegi tuyaseme bila kuficha.

La kwanza ni jiko. Mmejenga vibanda vya kungojea abiria, na ni vizuri. Asubuhi mnawasha makaa ndani, na kwa sababu ya upepo mnafunga pande zote kwa turubai. Makaa yanatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inayoitwa kaboni monoksaidi. Inashika damu kwa nguvu mara 200 na zaidi kuliko hewa safi ya oksijeni inavyoshika, kwa hivyo damu inazunguka lakini haibebi uhai. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kutaka kutapika, usingizi. Mtu anafikiri ni uchovu wa usiku. Anatoka kibandani, anapanda pikipiki na abiria, akiwa na kichwa kizito hivyo. Na usiku ni mbaya zaidi: kijana aliyekodi chumba kimoja anarudi amelowa, anaingiza jiko, anafunga dirisha, analala. Kila msimu wa baridi nchini tunasikia watu waliokutwa asubuhi hawakuamka. Jiko liwake nje mpaka chakula kiive, na likae nje. Kibanda kibaki na upande mmoja wazi kabisa, ule usioelekea upepo. Tena mikono iliyokufa ganzi usiipeleke karibu na moto au kwenye ekzosi. Haisikii, na utaona ngozi imeungua kabla hujahisi kitu. Iweke kwapani, au izungushe mikono yote miwili kwa nguvu kama anayetwanga, damu ikimbilie vidoleni.

La pili ni glasi ya kutoa baridi. Hatukuja kuhukumu mtu. Tunajua pale nyuma ya soko kunauzwa nini na saa ngapi. Tunataka mjue tu inavyofanya kazi. Pombe inafungua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi. Damu ya joto inakimbia nje, ngozi inasikia moto, na wewe unasema, "Sasa nimepona." Kumbe ni joto la kifuani limetolewa nje kupewa upepo. Baada ya nusu saa una baridi kuliko asiyekunywa, na hujui, kwa sababu ile sehemu ya akili inayokuambia una baridi nayo imelewa. Sigara inafanya kinyume: inakaza mishipa ya vidole, damu haifiki. Kwa hivyo anayekunywa na kuvuta anapoteza joto kwa njia zote mbili.

Kinachotoa baridi kwa kweli ni chakula. Mwili ni kama jiko, unachoma ulichokula. Mtu anayetoka saa kumi na moja na tumbo tupu ametoka bila kuni. Uji mzito, viazi, githeri ya jana iliyopashwa moto, chai yenye sukari. Akina mama mlio hapa, kikombe cha uji kwa kijana wa maziwa kabla hajaondoka na mitungi yenu ni bima ya maziwa yenu pia.

Mjifunze pia kumtambua mwenzenu aliyezidiwa. Mwanzo anatetemeka. Kisha anaanza kuangusha vitu, maneno yanakuwa mazito kama ya mlevi, hataki kuongea, anasema yuko sawa. Akiacha kutetemeka na bado ni baridi, msifurahi. Hapo ndipo hatari kubwa ilipo, mwili umeishiwa. Mnyang'anyeni ufunguo. Mwingizeni mahali pakavu, mvueni nguo zilizolowa, mmfunge kwa blanketi pamoja na kichwa. Kama yuko macho na anameza vizuri, mpeni chai ya moto yenye sukari. Msimsugue mikono na miguu, msimpe pombe, na mtafute gari la kumpeleka hospitali.

Abiria nao wana baridi, tena wao hawakujiandaa. Anayetoka matatu ya Nairobi na viatu vya wazi hajui Njabini ni wapi. Sheria ya trafiki, tangu mabadiliko ya 2012, inataka abiria awe mmoja tu, na wote wawili wawe na helmeti na jaketi la kuakisi mwanga. Kwa ukungu wetu, lile jaketi livaliwe juu ya koti, si ndani. Tumeona makoti meusi mazuri yamefunika rangi yote. Na mama akijifunga shuka au blanketi, hakikisheni amekalia ncha zake kabla ya kuondoka. Shuka likiingia kwenye cheni au spoku, linamvuta yeye.

Kuhusu mtoto mchanga, tutasema wazi: hafai kubebwa kwa pikipiki. Hana helmeti inayomtosha, na anapoteza joto haraka kuliko mtu mzima. Kama kuna gari, hata la maziwa, mama aliyejifungua aombewe nafasi mbele. Lakini tunajua njia za huku na tunajua usiku wake. Kama hakuna njia nyingine kabisa, mtoto asizungushiwe blanketi tu akawekwa mapajani. Awekwe kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, amevaa kofia na nepi kavu, afungwe kwa leso imara, kisha nguo na koti la mama vifunge juu yake, pua na mdomo vikiwa wazi na uso umegeukia pembeni. Hospitali moja ya Bogotá, Kolombia, ilianza kuwatunza hivyo watoto waliozaliwa kabla ya wakati mwaka wa 1978, na mpaka leo njia hiyo inafundishwa katika wodi nyingi. Mwendeshaji aende mwendo wa mtu anayebeba mayai, asimame kila baada ya muda mama amwangalie mtoto anavyopumua.

Neno juu ya kikohozi. Baridi haizai nimonia. Inaletwa na vijidudu. Watoto wachanga wanapata chanjo ya aina moja kubwa ya vijidudu hivyo hapa Kenya tangu 2011, msikose kuwapeleka. Lakini nyinyi wenyewe mnakohoa mwezi mzima mkisema, "Ni baridi ya pikipiki." Ukikohoa wiki mbili, nenda ukapimwe kifua kikuu. Mnabeba watu migongoni mwenu kutwa.

Sasa pesa. Wengi wenu pikipiki si zenu. Kuna mwenyewe anayengoja hesabu kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe. Tulikaa na baadhi ya wenye pikipiki juma lililopita, na tuliwaambia hivi: huku kwetu mtu akiwa na ndama wa gredi, usiku wa baridi humtandikia majani makavu na kumfunika gunia. Kijana anayemletea hesabu siku sita kwa wiki ametoka na shati. Tulipendekeza koti la mvua, glovu na helmeti ya pili viwe mali ya pikipiki, kama vile tairi na cheni. Wawili walikubali pale pale. Mmoja alisema vijana watauza makoti. Hilo mtamjibu nyinyi, sisi hatuwezi kuwajibia.

Kwa walio na zao, fikirieni chama. Watu 20 wakiweka shilingi 50 kila siku, kwa siku 30 ni shilingi 30,000. Msiende kununua moja moja kwa bei ya rejareja. Chagueni watu wawili waende Gikomba na orodha ya vipimo vya kila mtu, maana koti kubwa kupita kiasi linapepea na kuingiza upepo. Anzeni na wale wa maziwa, ambao hutoka kabla ya jua. Nafikiri hilo halina ubishi, ingawa tunaona mzee wa stegi ya chini anatikisa kichwa. Mtalizungumza.

Fundi wa viti yuko hapa nje na turubai na mashine yake. Ameleta mifuko ya usukani miwili iliyokwisha kushonwa, mje mwingize mikono mwone. Atapima pikipiki tano za kwanza leo, na zinazobaki Alhamisi. Wenye pikipiki tumewaalika Alhamisi hiyo hiyo saa nane mchana, kwa hivyo anayetaka kusikia watakavyojibu asikose. Chai na viazi viko jikoni. Kama kuna swali, ulizeni sasa kabla hamjatoka, kwa sababu mkishafika kwenye uji hatutasikilizana tena.